Kulanti na mota ya gari la umeme: kipi ufanye mwenyewe na kipi umwachie fundi

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina Nissan Leaf ya mwaka 2014 niliyoagiza kutoka Japani, na ninaishi Mbezi Beach. Nimeona video ya mafundi wa ughaibuni wakiziba njia ya kulanti (kimiminika cha kupozea) inayoingia ndani ya mota ili isije ikavuja na kuiunguza. Fundi wangu wa Gerezani naye ananishauri nimimine dawa ya kuziba rejeta kama kinga, na anasema kwa kuwa Dar hakuna barafu, maji ya kawaida yanatosha. Nifuate ushauri upi?

JIBU: Ndugu msomaji, kati ya mashauri hayo matatu usifuate hata moja, ingawa la kwanza lina mantiki yake kwa gari lingine. Kwa maelezo yako, video hiyo inahusu mota kubwa ya nyuma ya Tesla Model S za miaka ya mwanzo. Katika mota ile, shafti ya rota (sehemu ya mota inayozunguka) ina uwazi ndani, na kulanti huingizwa humo kwa mrija usiozunguka, huku rota ikizunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika. Kinachoitenga kulanti na sehemu kavu ni sili (kizibo cha kuzuia uvujaji), na sili hiyo ikichakaa, kulanti hupenya hadi kwenye sensa ya mwendo na hatimaye ndani ya mota. Ndiyo maana wapo mafundi wanaoamua kuiruka rota na kuiacha kulanti izunguke kwenye stata (sehemu ya mota isiyozunguka) na inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri ili uendeshe mota) pekee.

Leaf haikuundwa hivyo. Kulanti yake hupita katika njia zilizomo ndani ya gamba la alumini linaloizunguka stata, haiingii kwenye rota, na wala haitegemei sili inayozunguka. Ukiiziba njia hiyo, mota itakosa kupozwa, na gari litaanza kujipunguzia nguvu ili kujilinda. (Betri ya Leaf hupozwa kwa hewa, kwa hiyo huko huna kulanti ya kuihofia.)

Hatari iliyo karibu zaidi nawe ni hilo la maji ya kawaida. Ni kweli kwamba Dar hatuna barafu, lakini kulanti haikuwekwa kwenye gari kwa ajili ya barafu tu. Ndani yake mna viambato vinavyozuia alumini isiliwe na kutu, navyo pia huisaidia pampu idumu. Maji ya kisima, hasa ya ukanda wetu wa pwani ambako visima vingi vina chumvi, hubeba kloridi, na kloridi huitoboa alumini kwa vishimo vidogo vidogo ambavyo havionekani kwa nje mpaka siku kimoja kitakapofika upande wa pili. Upande huo wa pili ndiko ziliko nyaya za stata na vifaa vya inveta vinavyotumia umeme wa karibu volti 400. Kulanti yoyote, hata iliyo safi, hupitisha umeme kwa kiasi fulani. Ikifika hapo, uwezo wa kizuizi cha umeme (kinachoutenga umeme na bodi ya gari) hushuka, gari hugundua hitilafu, na huenda likakataa kabisa kuwaka. Kwa hiyo nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa, inayokubaliwa na kitabu cha gari lako, au nunua ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa mvuke, ambayo wengine huyaita maji ya betri). Dukani angalia lebo vizuri, maana ukiomba maji ya betri unaweza kupewa asidi. Rangi isikudanganye pia: kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa na viambato visivyopatana.

Dawa ya kuziba rejeta nayo huziba bila kuchagua. Njia za kulanti ndani ya inveta na chaja ni nyembamba, na chembe zinazoganda kwenye tundu la rejeta hazishindwi kuganda humo. Kuimimina kwenye gari lisilovuja ni kujitafutia ugonjwa.

Kinga halisi unayoweza kuifanya kwa mikono yako imo kwenye mipira inayopitisha kulanti na klipu zake. Hewa ya bahari huko unakoishi hula chuma, kwa hiyo kagua kila klipu ya springi, na iliyopata kutu ibadilishe kwa nyingine ya aina ileile. Mafundi wetu hupenda kuziondoa na kufunga klampu za skrubu, kisha huzikaza mpaka zinaukata mpira. Springi ina faida ya kuufuata mpira unapotanuka na kusinyaa, skrubu haina. Bonyeza mipira ikiwa imepoa: uliovimba, uliopasuka karibu na ncha, au unaoteleza kwa mafuta, uondolewe. Chungulia pia kava la chini. Likiwa halipo, mawe ya barabara za vumbi hupiga rejeta moja kwa moja. Likiwepo, linaweza kukusanya matone na kukuficha uvujaji, basi lifungue mara mojamoja ulipapase kwa ndani.

Kisha weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye chupa ya kulanti, asubuhi gari likiwa limepoa, na uitazame kila wiki. Mfumo huu haunywi kulanti. Ikipungua, imekwenda mahali. Usifungue kifuniko gari likiwa na joto wala likiwa linachajiwa, kwa sababu chaja nayo hupozwa na kulanti hiyohiyo na pampu inaweza kuwa inafanya kazi. Kama una mashaka, gereji yenye pampu ya kupima rejeta inaweza kuupima mfumo kwa shinikizo, mradi isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko.

Mpaka wako ni nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme wa volti kubwa. Usizichomoe, usifungue inveta wala mota, na waambie vijana wa kuosha magari wasielekeze maji ya presha kwenye viunganishi vyake. Kulanti ikiendelea kupungua bila tone lolote chini, au taa ya hitilafu ya mfumo wa umeme ikawaka baada ya kupungua huko, usiijaze tena ili uendelee na safari. Lizime gari, umwite fundi aliyesomea umeme wa volti kubwa na mwenye kipimo cha kizuizi cha umeme. Likihitaji kuhamishwa, libebwe zima juu ya gari la kubebea, kwa sababu magurudumu ya mbele ya Leaf yakizunguka barabarani, mota nayo huzunguka na kuzalisha umeme hata kama umelizima.