Kwa nini lenzi ya 100 hudai mafuta?

SWALI: Habari, Mwalimu. Nasomea kazi ya maabara hapa Nairobi. Tukitafuta vimelea vya malaria kwenye slaidi ya damu, lenzi ya hadubini inayokuza mara 40 twaitumia kavu, lakini ya mara 100 lazima itiliwe tone la mafuta. Je, mafuta huupinda mwanga zaidi? Na yakiisha, maji au mafuta ya kupikia hayafai?

JIBU: Ni kinyume chake. Tone lile lipo ili mwanga usipinde.

Mwanga hupinda kwa kuwa mwendo wake hubadilika: hewani huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya kioo karibu 200,000. Mtazame hamali wa soko la Gikomba. Gurudumu moja la mkokoteni likiacha lami na kuzama topeni kabla ya lenzake, mkokoteni mzima hugeukia upande huo. Yakiingia yote kwa pamoja, unapunguza kasi tu. Ndivyo ulivyo mwanga unaoingia wima.

Lenzi huishi kwa mpindo huo. Tatizo ni mpindo usiotakiwa, pale mwanga unapotoka kwenye kioo cha slaidi na kuingia hewani. Hapo miali hutawanyika kando, na ile iliyolala kupita takriban nyuzi 41 kutoka wima haitoki kabisa, inarudishwa kiooni. Kwa bahati mbaya, hiyo iliyolala ndiyo ibebayo mambo madogo. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alilieleza jambo hili mwaka 1873: uwezo wa kutenganisha nukta mbili hutegemea upana wa miali ambayo lenzi inaikusanya. Kwa mwanga wa kijani, lenzi kavu ya 40 hutenganisha nukta zilizoachana kama mikroni 0.4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ya 100 yenye mafuta, karibu 0.2. Kukuza bila uwezo huo ni kupanua ukungu.

Kioo kina kipimo cha mpindo, yaani kadiri kinavyopunguza mwendo wa mwanga, cha takriban 1.52, na mafuta ya hadubini yametengenezwa yalingane nacho, hivyo mwanga hupita kama vile hakuna mpaka. Maji ni 1.33: afadhali kuliko hewa, lakini lenzi hiyo haikuundwa kwa ajili yake na picha itakuwa na ukungu. Mafuta ya kupikia, hapana. Kipimo chake hakilingani, na yakikauka hugandamana kwenye lenzi.

Ukishatia mafuta, usirudishe lenzi ya 40 juu ya slaidi hiyo. Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi, na kuisafisha ni kazi.