Imba besi kwanza, vidole vitafuata

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: wimbo wa kopi, yaani wa bendi nyingine, umeshapangwa, bendi nzima imeshika sehemu zake, ila mpiga besi amekwama penye mstari mmoja. Nimepiga besi kwa miaka mingi katika bendi za hotelini na harusini huku Mombasa, na katika miaka hiyo nimejifunza kwamba mstari nisioweza kuuimba kwa mdomo sitaupiga kwa vidole. Majibu yangu mengi yatarudi hapo.

Shikamoo mwalimu. Najifunza nyimbo kwa simu, lakini besi siisikii vizuri. Nasikia mvumo tu, noti siijui ni ipi. (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba. Sikio lako halina kosa. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa mtupu hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wa A mara 55. Kispika cha simu hakiwezi kusukuma hewa kwa mtetemo mzito namna hiyo. Kinachokufikia ni zile sauti za juu zinazozaliwa na noti yenyewe, halafu ubongo unabaki kukisia shina. Ndiyo maana unakosea oktava (noti ya jina lilelile, ila juu au chini zaidi), au unashika noti ya tano ya ngazi ukidhani ndiyo ya kwanza.

Vaa hedifoni zinazofunika masikio. Kisha, ukipata kompyuta, pakua Audacity, ni programu ya bure, uingize wimbo na kuupandisha kwa nusu toni 12, yaani oktava nzima. Besi itapanda hadi pale gitaa la kawaida linapoimbia, na utaisikia noti kwa noti. Waimbaji watakuwa na sauti za watoto, usiwajali. Ukishashika mstari, rudi kwenye wimbo halisi uhakikishe.

Jambo jingine: nyimbo nyingi za zamani zilizopita kwenye mikanda na kaseti haziko sawasawa na tyuni ya leo. Unaweza kukuta wimbo umekaa katikati ya E na E flati, ukahangaika jioni nzima ukidhani wewe ndiye unayekosea. Isogeze rekodi kidogo ikufuate, gitaa liache lilivyo.

Kaka, bendi yetu inakopi "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Noti za besi ninazo zote, nimezihakikisha mara tatu, lakini wenzangu wanasema haijakaa. Tatizo ni nini? (Msomaji wa Tanga)

Swali hili limenigusa, kwa sababu liliwahi kunikuta na wimbo huohuo.

Kwanza heshima kwa wenyewe. Les Wanyika ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipotoka Simba Wanyika, bendi ya akina Kinyonga waliotoka huko kwenu Tanga. Besi ilikuwa mikononi mwa Tommy Malanga, gitaa la ridhimu kwa Omar Shabani. Ukisikiliza vizuri utagundua hawa wawili wanazungumza: mmoja akisema, mwenzake anampisha. Huwezi kuing'oa besi ile ukaipiga peke yake kama orodha ya noti, maana nusu yake iko kwenye gitaa la ridhimu.

Mimi nilikuwa na noti zote kama wewe. Mpiga dramu wetu, mzee aliyeanza kupiga kabla sijazaliwa, alisimamisha mazoezi akaniambia niache gitaa chini nipige makofi pale tu ambapo besi imenyamaza. Nilishindwa. Nilijua kila noti inaanzia wapi, na sikujua hata moja inaishia wapi. Nilikuwa naziacha zote ziendelee kulia mpaka noti inayofuata izifunike, na nafasi ambayo ridhimu ilitakiwa kupita nilikuwa nimeijaza mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua vipimo viwili tu vya wimbo, yaani mizunguko miwili ya mapigo. Viimbe kwa mdomo, "dum", "duu", "di", na urefu wa kila silabi uwe sawa na urefu wa noti kwenye rekodi. "Dum" hufungwa kwa midomo, kwa hiyo noti inakatika pale. "Duu" inabaki wazi. Rudia huku rekodi ikilia mpaka mdomo wako na besi ya rekodi visitofautike. Hapo ndipo ushike gitaa, na sasa utaona kazi kubwa iko kwenye mkono wa kushoto, katika kuachia: kidole kinalegea bila kuondoka kwenye uzi, noti inakufa papo hapo. Ukikiondoa kabisa uzi mtupu utalia na kuchafua kila kitu. Kiganja cha mkono wa kulia nacho kiwe karibu na daraja, tayari kuzima.

Kisha sikiliza ngoma ya mguu. Katika rumba yetu besi na ngoma ya mguu hazipigi kila mahali pamoja. Tafuta zinapokutana, uzikariri sehemu hizo kama nguzo za nyumba. Katikati ya nguzo unaweza kuwa na uhuru kidogo, ila penye nguzo usichelewe hata chembe. Mkifika kwenye chemko, kodi (noti zinazolia pamoja) zilezile zikizunguka kwa dakika nyingi, ni hizo nguzo zitakazowaweka watu uwanjani.

Usikate tamaa kwa kuwa wenzako wamesema haijakaa. Wamekusikia, na hilo tayari ni jambo jema kwa mpiga besi.

Kuna mstari nauweza polepole, nikiupeleka kwa mwendo wa wimbo vidole vinagongana. Nifanye mazoezi saa ngapi kwa siku? (Msomaji wa Kisumu)

Saa si hoja. Dakika 20 zenye akili zinatosha, ila tuangalie kwanza vidole vyako vinapita wapi.

Chukua mfano huu ushike gitaa sasa hivi: A, C sharpi, E, F sharpi. Ni kipande kinachopatikana katika nyimbo nyingi mno za dansi. Wanaoanza huipiga A kwa kidole cha shahada, freti ya 5 ya uzi wa E (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa). Kwa nini? Kwa sababu kidole cha shahada ndicho kinachokuja kwanza. Sasa C sharpi iko freti ya 4 ya uzi wa A, nyuma yako, na mkono wote lazima urudi. Polepole hutaona shida. Kwa kasi, safari hiyo ndiyo inayokuangusha.

Anza upya. A ipige kwa kidole cha kati. Shahada tayari kimekaa juu ya freti ya 4: C sharpi hiyo. Kidole kidogo kinashuka freti ya 7 ya uzi huohuo: E. Shahada tena, freti ya 4 ya uzi wa D: F sharpi. Mkono haujasogea hata kidogo. Mara nyingi mstari unaoitwa mgumu ni mstari uliopangiwa vidole vibaya, na ukiupiga mara elfu kwa mpango mbaya utakuwa umezoea ubaya.

Mkono wa kulia pia utazame. Ukishuka kutoka uzi mwembamba kwenda mnene, acha kidole kilekile kiburuze kutoka uzi mmoja hadi wa pili badala ya kulazimisha vipokezane. Ni njia fupi zaidi.

Baada ya hapo ndipo metronomi, kile kifaa cha kuhesabu mapigo. Wimbo ukiwa wa mapigo 120 kwa dakika, anza 72. Ukipiga mara tano mfululizo bila kosa, ongeza manne. Ukikosea mara mbili, rudi nyuma manane. Na jifunze kutoka mwisho: piga noti mbili za mwisho, kisha nne za mwisho, kisha sita. Ukijifunza hivi, kila unapoupiga mstari unaelekea pale unapopajua vizuri zaidi, na mkono hauingiwi na woga. YouTube inakuruhusu kupunguza kasi hadi 0.75 au 0.5 bila sauti kushuka. Tuliojifunza kwa kaseti, tukiirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, tunajua hiyo ni neema kubwa kiasi gani.

Ile besi ya peke yake kwenye "You Can Call Me Al" ya Paul Simon inapigwaje? Nusu ya pili inanishinda kabisa. (Msomaji wa Arusha)

Inakushinda kwa sababu njema: nusu ya pili haikupigwa na mtu. Bakithi Kumalo, mpiga besi wa Soweto, alipiga nusu ya kwanza kwa besi isiyo na freti, kisha studio wakageuza mkanda ukalia kinyumenyume kutengeneza nusu ya pili. Wimbo ulitoka mwaka 1986 na bado kila mwaka kuna mtu anayejiumiza vidole akitafuta siri yake.

Jukwaani unafanya nini? Noti zenyewe zinapigika: zisome kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kisichopigika ni umbo la sauti, maana noti iliyogeuzwa huanza kimya na kuvimba, wakati yetu huanza kwa kishindo na kufifia. Ukiwa na kitasa cha sauti karibu na kidole kidogo cha mkono wa kulia unaweza kujaribu kuvimbisha, ila kwa kasi ile mimi nisingehangaika. Piga nusu ya kwanza safi kabisa, ya pili kwa ulaini, utoke hapo ukiwa ndani ya mwendo. Wachezaji wanataka kukuona ukirudi pamoja na ngoma.

Ni kweli mpiga besi mzuri lazima atumie vidole viwili? (Msomaji wa Mwanza)

Hapana. James Jamerson, aliyebeba nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia kidole cha shahada peke yake, wakakipa jina la Ndoano. Besi yake ya "What's Going On" ya mwaka 1971 bado inawatoa jasho watu wenye vidole viwili na vitatu. Viwili vitakurahisishia kasi, kwa hiyo jifunze. Ila ukitaka kukopi Jamerson, jaribu kidole kimoja angalau jioni moja. Utasikia noti zinavyolingana uzito.

Mwimbaji wetu wa kike anataka wimbo wa ufunguo wa E ushushwe hadi D. Besi yote ilikuwa inategemea uzi mtupu wa E. Sasa nimepoteza uzito. (Msomaji wa Bujumbura)

Mwimbaji ana haki yake, usimlaumu dada wa watu. Una njia tatu. Ya kwanza ni kulegeza uzi wa E hadi D, na kila kitu kwenye uzi huo kitasogea freti mbili juu. Fanyia mazoezi sana kabla hujaupeleka jukwaani. Ya pili ni besi ya nyuzi tano, ambako D ya chini utaikuta freti ya 3 ya uzi wa B, na unaweza kuizima utakavyo. Ya tatu ni kupiga D ya freti ya 5 ya uzi wa A, iliyo oktava juu. Mimi huitumia hiyo pale tu ngoma ya mguu inapokuwa nzito ya kutosha kuziba pengo. Kwa harusi ningeazima besi ya nyuzi tano.

Chati zenye namba za freti za mtandaoni niziamini? (Msomaji wa Dodoma)

Zitumie kama ramani iliyochorwa na mpita njia. Noti mara nyingi ziko karibu na ukweli, ila mahali pa kuzipigia si lazima pawe penyewe, na nyingi hazikuambii noti inadumu kiasi gani. Kwa nyimbo zetu za Kiswahili hutazipata nyingi hata hivyo. Sikio.

Nimeitwa kujaza nafasi ya mpiga besi anayeumwa. Harusi ni baada ya siku kumi, nyimbo 25. Naanzia wapi? (Msomaji wa Kilifi)

Mpe mwenzako pole, kisha kaa na daftari. Zigawe nyimbo mafungu matatu leo hii. Fungu la kwanza ni zile ambazo besi ndiyo wimbo, kama "Good Times" ya Chic ya mwaka 1979: mapigo yale matatu ya E ya Bernard Edwards yakikosewa, ukumbi mzima utajua. Pengine ni nne au tano tu kati ya 25, na ndizo zinazostahili nusu ya muda wako wote. Fungu la pili ni zile ambazo besi inafuata kodi. Hizo ziandikie namba za kodi, 1-4-5-4, na mahali zinapogeuka. Namba zitakuokoa mwimbaji akibadilisha ufunguo dakika ya mwisho. Fungu la tatu zina sehemu moja tu ya hatari: mkato, mgeuko au mwisho wa ghafla. Fanyia mazoezi sehemu hiyo peke yake, wimbo uliobaki uuache.

Imba mistari ya fungu la kwanza ukiwa kwenye matatu, ukioga, ukiosha vyombo. Siku ya tisa usiongeze kitu kipya. Siku ya harusi mwombe mpiga dramu mfike saa moja kabla ya wengine, nyinyi wawili tu, mpitie miingilio na mimalizio ya nyimbo zote 25 bila kupiga wimbo wowote mzima.

Na beba uzi wa akiba wa G.