Usiiache 0.16 bila jina

Ndugu, umeuliza kuna haja gani ya kuipa jina 0.16 kwenye programu yako ya ankara, ilhali "kila mtu anajua ni VAT", yaani kodi ya ongezeko la thamani. Haja ipo. Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT hadi asilimia 14, kisha Januari 2021 ikairudisha 16. Aliyekuwa ameitawanya 0.16 kwenye mafaili kumi ilimbidi aisake moja moja, na nyingine huenda hata hazikuwa kodi! Iite kiwango_cha_vat, iweke sehemu moja pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, maana ankara ya Novemba 2020 ukiichapisha upya leo lazima isome 14. Kwenye maelezo unayoandika kando ya msimbo (comments), andika sababu tu. Hesabu yenyewe inaonekana kwenye msimbo. Na hizo x2 na tmp ulizotumia kwenye programu, zipe majina yanayosema zinabeba nini, leo hii.