Kabati zito, kutoka mtaa wa Langoni hadi kijiji cha Shela, Lamu

Dada yangu, kabati la mvule kutoka ghorofani usilishushe zima. Toa droo na rafu, milango uifunge kwa kamba isije ikafunguka katikati ya ngazi. Pima kona ya ngazi kabla ya yote. Mlango waweza kupitisha, kona ikakataa. Mkiinua, kunjeni magoti, mgongo unyooke. Mwenye nguvu zaidi akae upande wa chini, maana uzito mwingi humwegemea yeye. Sisi tuliwahi kufanya haraka, vidole vya ndugu yangu vikabanwa ukutani, kucha mbili zikang'oka. Kwa hiyo kila pembe ya ukuta mtu atamke, "Simama!" Punda msimtwike, tafadhali. Na boti ya kwenda Shela ipakieni maji yakijaa, ukingo ukaribiane na gati.