Zimenukuliwa au zimerejelewa?

SWALI: Naandaa wasifu wa profesa wetu kwa jarida la idara. Niliandika: "Kazi zake zimenukuliwa mara 900, hivyo ni msomi bora." Mhariri amefuta "zimenukuliwa" akaweka "zimerejelewa". Kwani si mamoja? Na ile h-indeksi niiiteje? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Si mamoja, ndugu yangu. Ikumbuke karatasi ya fasihi ya KCSE. "Eleza muktadha wa dondoo hili": hapo umewekewa maneno ya mwandishi kama alivyoyaandika, ndani ya alama za kunukuu. Swali la pili laanza "Ukirejelea hadithi…", nawe wajibu bila kunakili hata sentensi moja. Mtafiti wa Ziwa Victoria akieleza kwamba sangara (mbuta, kwa watu wa huko kwenu) aliingizwa ziwani miaka ya 1950, kisha akaweka jina la mwandishi na mwaka kwenye mabano, amemrejelea bila kumnukuu. Google Scholar, mtandao wa kutafutia kazi za kitaaluma, huhesabu rejeleo kama hilo, liwe na nukuu au lisiwe nayo.

Ukitaka nomino, chunga w. Urejeleaji ni wa anayeandika. Urejelewaji ni wa anayetajwa. Profesa mwenye urejeleaji mwingi amejaza makala yake majina ya wenzake, basi. Mwenye urejelewaji mwingi, wenzake ndio wamejaza jina lake katika makala yao. (Anayejirejelea kila ukurasa hupandisha yote mawili, na wapo.) Marejeleo yaachie orodha ya mwisho wa kazi.

Kuhusu h, kipimo alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, mimi huandika "kipimo cha h". Faharasa sipendi: kwa msomaji wa Kenya hiyo ni orodha ya maneno nyuma ya kitabu. Fahirisi, wanayoitumia Watanzania kwa bei za bidhaa, haina ubaya, ila kwetu haijazoeleka. Lolote utakalochagua, lifafanue mara moja: mwenye h ya 15 ana kazi 15 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 15.

Mhariri wako ameiacha "hivyo". Mimi ningeifuta. Kiunganishi hicho chadai kwamba la pili limezaliwa na la kwanza, ilhali kazi inayorejelewa ili ipingwe huhesabiwa sawa na inayosifiwa. Weka nukta baada ya 900, kisha tueleze profesa aligundua nini.