Kwa mliopangiwa rufani ya mauaji kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu mnaoanza uwakili hapa Tanga, kila Mahakama ya Rufani inapokuja kukaa mjini kwetu namwona mmoja wenu kwenye korido amekumbatia jalada la mauaji, kalifungua ukurasa wa mwisho wa hukumu. Msianzie huko. Hukumu ni masimulizi ya jaji aliyekwisha kuamua. Anzeni na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, neno kwa neno, penseli mkononi. Tanga ni waja leo waondoka leo, ila jalada hili litalala kwako wiki kadhaa.

Chukueni mfano huu. Nimeuunda kwa kuchanganya majalada kadhaa, msitafute ni wa nani. Mtu amekatwa mapanga usiku, kijijini upande wa Muheza. Mjane anasema alimwona jirani. Mwaka uliotangulia kaka wa huyo jirani alikutwa amekufa, na kijiji kikamnyooshea kidole huyu aliyekatwa mapanga. Kwa hiyo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inasema ni kisasi. Mshtakiwa anasema usiku ule alikuwa Pangani kwa shemeji yake. Jaji amekataa alibi yake, yaani utetezi kwamba alikuwa kwingine, amemtia hatiani, na kwa mauaji ya kukusudia adhabu ni moja: kunyongwa.

Wengi mtakimbilia Pangani. Na mimi nilikimbilia huko rufani yangu ya kwanza. Nikasimama mbele ya majaji watatu nikaieleza alibi kwa ufasaha wote niliojaliwa, mpaka mmoja akaniuliza kwa upole: "Ukurasa wa ngapi, wakili?" Nikapekua, nikapekua. Alibi ilikuwa imezaliwa siku ya utetezi. Haikuwemo katika maelezo ya onyo polisi, wala katika usikilizwaji wa awali, wala hakuna shahidi wa Jamhuri aliyeulizwa lolote kuihusu kwenye maswali ya dodoso. Na jambo ambalo hukumhoji shahidi juu yake huhesabika umelikubali.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 194 kwa namba tulizosomea sisi, inataka notisi ya alibi kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ukichelewa, toa maelezo yake kabla Jamhuri haijafunga ushahidi. Ukipitiliza hapo, mahakama inaweza kutoipa uzito wowote. Lakini lazima iitazame kwanza ndipo iitupe. Kwa hiyo tafuteni kwenye hukumu: jaji aliipima akaikataa, au aliiruka? Akiwa ameiruka, hiyo ni sababu ya rufani iliyosimama. Akiwa ameipima vizuri, msing'ang'anie.

Maana alibi ikianguka, Jamhuri bado ina mzigo wake wote kichwani. Mshtakiwa hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi. Rudini kwa mjane. Kila wakili wa jinai anaijua kesi ya Waziri Amani ya 1980, juu ya kumtambua mtu gizani: taa ilikuwa ya aina gani, imewekwa wapi, mwanga wake kiasi gani, umbali hatua ngapi, alimtazama kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla? Shahidi akisema "kulikuwa na mwanga wa kutosha" kisha akanyamaza, hapo pana kazi. Halafu tazameni nani alifika kwanza baada ya yowe. Kama ni mwenyekiti wa kitongoji, aliambiwa jina gani usiku uleule? Jina lililotajwa siku ya tatu, baada ya matanga kujaa watu wenye maoni, si sawa na jina lililotajwa pale pale.

Kisasi nacho msikiogope. Sheria haiidai Jamhuri kuthibitisha sababu ya kuua, ila ikiwepo huipamba kesi vizuri mno. Kisasi kina makali pande mbili: kinampa mshtakiwa sababu ya kuua, na kinawapa wafiwa sababu ya kumtaja yeye hata kama gizani walimwona mtu tu. Swali la kuuliza kila ukurasa ni hili: mjane alimwona, au alijua ni nani angekuja? Rufani ya kwanza huruhusu majaji kuupima ushahidi upya, basi wapeleke hapo.

Sababu za rufani alizoandika mfungwa mwenyewe gerezani someni zote, hata zile za mwandiko mbaya. Na nendeni gereza la Maweni mapema mkawaone, si siku moja kabla.

Mrufani mmoja nilimuuliza kwa nini shemeji yake hakuja kumtolea ushahidi. Akasema alikuja. Alikaa kwenye benchi nje ya mahakama siku mbili, wakili wa wakati huo hakumwita, nauli ikamwishia, akarudi Pangani. Kwenye mwenendo wa shauri, benchi hilo halimo.