Usikubali "Kuongezewa Gesi" Kila Msimu: Maneno kwa Wenye Nyumba za Wageni Malindi

Wageni wa Desemba wakikaribia, simu nyingi ninazopigiwa kutoka Casuarina na Silversands ni za ombi moja: "Fundi, njoo uongeze gesi ya AC." Wenye nyumba, nawasihi mlisome hili kabla hamjamlipa mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaikandamiza, inaenda kutema joto nje, inarudi chumbani kubeba jingine. Ikipungua, imevuja. Anayekuongezea bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kitakachopaa tena hewani, na ikiwa mashine yako ni ya zamani yenye R-22, gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni.

Fundi anayejua kazi atajaza naitrojeni kwenye mabomba, atapaka povu la sabuni kwenye maungio aone panapovuja, ataziba, kisha atanyonya hewa na unyevu kwa pampu. Hapo ndipo gesi inapoingia, tena kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao cha mashine. Muulize mizani yake iko wapi. Mashine mpya nyingi zina R-32, ambayo inaweza kushika moto, kwa hiyo asichomelee bomba kabla ya kuitoa gesi yote.

Kwetu hapa adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa kusi unavuma kutoka baharini miezi mingi, na mashine ya nje inapokea yote. Ndani yake mabomba ya shaba yamepita katika mapezi, yaani vibati vyembamba vya alumini. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kwenye mapezi, kazi imeshaanza. Dawa ni kuosha mara kwa mara, stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi yasije yakakunja mapezi. Na yawe maji matamu! Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na nimeona watunza bustani wakiosha AC kwa maji hayo hayo, kwa moyo safi kabisa, wakiimaliza. Kama bado unajenga, usiifunge mashine kwenye ukuta unaotazama bahari.

Sasa wenye hoteli. Mnaletewa mifumo ya kuendesha jengo zima kwa kompyuta, yenye skrini za kupendeza. Ni vitu vizuri, lakini anzeni na swichi ndogo kwenye mlango wa veranda. Mgeni anataka kusikia bahari, anaacha mlango wazi, rimoti iko kwenye nyuzi 16. Swichi hiyo itaizima AC mlango ukikaa wazi dakika chache. Mwambie fundi aweke na muda wa kama dakika tatu kabla ya kompresa kuwaka tena. Ikizimwa na kuwashwa papo hapo inaumia. Kisha zuieni rimoti isishuke chini ya 22 au 23. Kwa nyumba ya vyumba vichache, naona hayo yanatosha.

Mkiamua kununua mfumo mkubwa, ulizeni kama unazungumza BACnet au Modbus. Hizo ni lugha za wazi ambazo vifaa hutumia kuwasiliana: Modbus ipo tangu 1979, BACnet ikawa kiwango rasmi 1995, na vifaa vya watengenezaji wengi vinazielewa. Mfumo wenye lugha yake peke yake utawafunga kwa muuzaji mmoja. Hoteli moja niliyoitwa, vyumba vilikuwa vinapozwa usiku kucha bila mgeni, na hakuna aliyeweza kubadilisha ratiba kwa sababu waliofunga mfumo waliondoka na nywila. Meneja alikuwa karibu kulia.

Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba: nywila ya msimamizi, michoro ya nyaya na nakala ya programu vinabaki hotelini. Malipo ya mwisho yatoke baada ya mtu wenu kuingia kwenye mfumo mwenyewe na kubadilisha ratiba ya chumba kimoja, muuzaji akiwa amesimama pembeni.